Daktari Mgeni wa Mama Mkwe

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuingiza mpira katika makoo ya watu. Kazi hiyo ina jina refu la kitaalamu. Nilikwenda kuisomea katika nchi ya baridi, nikala kabichi mpaka nikaichukia, lakini niliporudi Unguja mwishoni mwa miaka ya themanini hakuna aliyelitaka hilo jina. Mtu alisema, "Nnakwenda kumezeshwa mpira," na kila aliyemsikia akamwelewa na kumpa pole. Mimi nikawa daktari wa mpira. Kuna timu ya mtaani iliyowahi kuniita nikawachue wachezaji wake misuli.

Mpira wenyewe tulipewa na hospitali moja ya ng'ambo iliyokuwa imenunua mpya. Ulikuwa mweusi, mrefu kupita mkono wa mtu, una taa mbele, na nyuma una kitundu cha kuchungulia kwa jicho moja. Jicho lenyewe lilikuwa langu. Kwa hiyo nikisema ndani ya tumbo la fulani mna kidonda, basi mlikuwa na kidonda, na hapakuwa na mtu mwingine kisiwani wa kubisha. Nadhani hata sheha hakuwa na mamlaka ya namna ile. Nyumbani kwangu sikuwa na mamlaka yoyote, kwa hiyo kazini nilijihisi vizuri.

Umeme ulikuwa ukikatika. Mpira ukiwa ndani na taa ikazimika, hakuna la kufanya ila kungoja kidogo pengine utarudi. Tulikaa gizani mimi na mgonjwa, yeye hawezi kusema na mimi sina la kumwambia.

Walikuja watu wa kila namna. Walikuja wavuvi wa Matemwe, na akina mama wa Paje wanaolima mwani, wanaoshinda wameinama majini na jioni wakalalamika kiungulia. Alikuja mzee wa Chwaka aliyetaka kwanza kujua kama mpira unaonyesha mtu alichokula, maana alikuwa amemwambia mke mkubwa kwamba kwa mke mdogo hakugusa kitu. Nikamwambia unaonyesha kila kitu. Akaomba tumpangie siku nyingine.

Tuliwaambia wagonjwa waje hawajala wala kunywa. Bibi mmoja aliapa mbele yangu kwamba tangu jana halijapita kitu kinywani mwake. Nikachungulia, nikakuta dimbwi la manjano, na mpira ulipotoka ulinukia marashi. Alikuwa amekunywa kombe alfajiri ili uchunguzi uende salama: aya zimeandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji na marashi, naye akayanywa. Nilipomuuliza alinishangaa. "Hilo si kombe, baba? Kwani kombe ni kinywaji?" Tangu siku hiyo muuguzi wangu aliwauliza watu kama wamekula, kama wamekunywa, na kama wamekunywa kombe. Karibu wote walikuwa wamelinywa.

Huyo muuguzi alikuwa mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, hapahapa mjini, mnene, mpole, mwenye mikono inayomtuliza mtu hata kabla hajamshika. Namtaja kwa sababu nitamhitaji mbele.

Sasa nimfikie mama mkwe.

Mke wangu anatoka katika nyumba moja ya Kiarabu pale mtaa wa Malindi, hapahapa Unguja. Zamani ilikuwa nyumba ya watu wenye mashamba ya karafuu. Wakati naoa ilikuwa nyumba ya watu wenye ndoo za kukingia mvua. Mama yake alikuwa mjane na ndiye aliyekuwa akiamua mambo yote ya nyumba ile, pamoja na ya wanawe wa kiume waliokwisha kuota mvi.

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanastahiana, na stara hiyo ina pazia lake. Nikienda kumwamkia nilisimama nje ya mlango wa chumba chake nikasema, "Shikamoo, mama." Nyuma ya pazia ikatoka, "Marahaba, baba. Hamjambo nyumbani?" Nikajibu hatujambo, akashukuru Mungu, nikaondoka. Tukigongana ukumbini alivuta mtandio usoni likabaki jicho. Kula mbele yangu hakukuwezekana, hata chai. Sikuwahi kumwona akipiga miayo. Nilikuwa nimekwisha kuona matumbo ya nusu ya majirani zake, lakini yeye nilimjua kwa sauti, kwa jicho moja, na kwa chakula.

Chakula ndicho kilichonipa habari. Kila Ijumaa alituletea bakuli la mchuzi limefunikwa kawa, na mchuzi wake ulikuwa unanifanya nimsamehe mke wangu mambo mengi. Ijumaa moja mchuzi ukaja hauna chumvi. Ijumaa ya pili ukaja ni chumvi tupu. Mke wangu akasema mama sasa mtu mzima. Mimi nikakaa na kijiko mkononi. Mpishi kama yule hakosei chumvi. Mpishi kama yule ameacha kuonja.

Nikamtuma mke wangu akaulize. Alirudi na macho mekundu. Mama alikuwa hamezi. Ilianza kwa wali, ukawa unakwama kifuani mpaka anywe maji. Kisha mkate. Sasa hata ndizi mbivu haipiti, anaishi kwa uji na maziwa. Alikuwa ameificha hali hiyo kwa miezi, na buibui likamsaidia, maana buibui halisemi mtu amekonda kiasi gani.

Niliogopa. Nilikwisha kuwaona wengi waliokwamwa na chakula kwa mpangilio huohuo, na wengi wao nilikuwa nimekwenda kuwazika. Lakini yapo pia maradhi mengine yanayobana koo na yanatibika, nami nikayang'ang'ania hayo. Ilibaki kuchungulia tu.

Mama mkwe akakataa.

"Mkwe wangu anitie mkono kinywani?" alimwambia binti yake. "Mie nilale mbele yake nimeachama kama papa sokoni? Bora nife na stara yangu."

Mashemeji zangu wakasema apelekwe Dar es Salaam. Akasema hajavuka bahari tangu azaliwe na hana haja ya kuanza leo. Wakaniuliza kama hakuna mwingine hapa Unguja wa kuushika ule mpira. Nikasema hakuna. Walinitazama kama kwamba nilifanya makusudi. Nilifikiria kumfundisha daktari mmoja kijana harakaharaka, lakini kazi ile mtu hajifunzii kwa mama mkwe wa mwalimu wake.

Siku zikaenda, na uji nao ukaanza kukwama. Mke wangu alikuwa analia jikoni, na mimi, mtaalamu pekee wa kisiwa kizima, nilikuwa sina faida yoyote kwa mtu aliyekaa mtaa wa pili. Nilipata hasira. Niliikasirikia mila, nikalikasirikia pazia, nikamkasirikia mama. Halafu nikajiuliza mwenyewe kama ningeweza kumtazama kinywani bila aibu, nikaona aibu.

Siku moja mke wangu akarudi kutoka Malindi, akavua buibui, akaketi.

"Mama kasikia hospitali pana daktari mgeni," akasema. "Katoka Bara."

"Hakuna daktari mgeni," nikamwambia.

"Mama kasikia yupo. Mrefu, kavaa miwani."

"Mimi ndiye mkuu wa kitengo. Angekuwepo ningejua."

Mke wangu akanitazama kama anavyomtazama mtoto anayerudia darasa. "Mama kasikia," akasema polepole, "pana daktari mgeni, mrefu, kavaa miwani, na hazungumzi kabisa. Anafanya kazi yake kimya, anakwenda zake. Kwa daktari huyo mama yuko radhi."

Nikavua miwani yangu, nikaipangusa. Kisha nikasema ndiyo, sasa nimemkumbuka, yupo.

Muuguzi wangu nilipomweleza hakucheka. Aliniuliza tu daktari mgeni atafika lini. Siku hiyo nilivaa gauni la kijani, kofia ya chumba cha upasuaji nikaishusha mpaka kwenye nyusi, na kitambaa cha mdomo nikakipandisha mpaka chini ya miwani. Kwa kawaida kazi yetu haihitaji vazi hilo. Mfagizi aliponiona alisema, "Shikamoo, daktari," akataja na jina langu. Muuguzi akamwambia, "Huyu mgeni." Mfagizi akasema, "Aa. Karibu mgeni," akaendelea kufagia.

Mama mkwe alikuja na binti yake. Alilala kwa ubavu wa kushoto, akaomba afunikwe macho kwa kanga, muuguzi akamfunika. Kikabaki kinywa. Alikuwa na jino la dhahabu. Miaka yote ya ukwe wetu sikuwa najua.

Sikusema neno. Kila nilichotaka kusema nilimwonyesha muuguzi kwa mkono, naye akakisema: meza, mama, vuta pumzi kwa pua, hivyohivyo, hodari. Mama alimeza. Nimewahi kuwatia mpira wanaume wenye vifua kama makabati wakanipiga mateke. Yeye alishika ukingo wa kitanda akatulia, na mimi nikashuka na taa yangu taratibu, nikiomba nisikute nilichokijua.

Nilikikuta. Kilikuwa katikati ya njia ya chakula, kimeota pande zote, kimeacha tundu ambalo mpira wangu haukupita. Nilichukua vipande vya kupelekwa Dar es Salaam kupimwa, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, si kwa sababu nilikuwa na shaka. Nikautoa mpira. Muuguzi alinitazama usoni, na ingawa palikuwa na macho tu ya kutazama, akaacha kuuliza.

Jibu lilikuja kama nilivyolijua: saratani. Nikapiga simu kwa wenzangu kule, wakaniambia kwa ukubwa ule hata angevuka wasingekuwa na kubwa la kumfanyia. Mashemeji zangu na mke wangu wakakutana, na wakakubaliana jambo ambalo familia zote za hapa hukubaliana: mama asiambiwe. Wakaniagiza nimwambie ni kidonda. Nikasimama nje ya pazia nikamwambia daktari mgeni kasema ni kidonda.

"Alhamdulillahi," pazia likajibu. "Na wewe ahsante kwa kunitafutia daktari huyo. Ana mkono mwepesi."

Nilijisikia vizuri kusifiwa, halafu nikajisikia vibaya sana.

Tulichoweza kumfanyia ni kumpanua njia, ili uji na maji yapite. Kila njia ilipoziba daktari mgeni alikuja, na watu wa nyumba ile walisema ni bahati kwamba siku hizi boti za Dar es Salaam ni nyingi. Mama alimsifu kwa jirani zake. Alisema mtu wa Bara, lakini mstaarabu, hana maneno. Mmoja wa jirani hao aliniuliza sokoni kama yule mwenzangu ana mke.

Aliendelea kukonda. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, na wanawe wakawa wanazungumza mbele yake juu ya futari atakayowapikia, kwa sauti za furaha, kama watu wanaomwimbia mtoto. Mimi nilikuwa nikienda kumwamkia mlangoni na kuondoka mapema, kwa sababu kila alipouliza "Hamjambo nyumbani?" nilikuwa namdanganya hata kwa kusema hatujambo.

Ndipo siku moja mke wangu akasema, "Mama anamtaka daktari mgeni. Aende nyumbani."

"Njia imeziba tena?"

"Hapana. Anataka kuzungumza naye."

"Hazungumzi."

"Nimemwambia. Kasema leo azungumze."

Baada ya alasiri nilikwenda Malindi na muuguzi wangu, nguo zangu za kijani zikiwa ndani ya kikapu chake. Nilizivaa kando ya kiambaza, ukuta uliobaki wa nyumba iliyobomoka, karibu na mlango wa ukweni. Jirani akapita na dumu la maji. "Daktari, mbona unavaa njiani?" Muuguzi akamwambia huyu ni mgeni. "Aa," akasema yule mama, "karibu mgeni," akapita zake na dumu lake.

Shemeji yangu mkubwa, ambaye jana yake tulicheza bao, akafungua mlango. Alinipa mkono. "Karibu daktari. Bahari ikoje leo?" Nikatikisa kichwa kuonyesha ni ya wastani. Akanipandisha ngazi ninazozijua kila ubao, akinionya nisiukanyage ule uliooza.

Kwenye mlango wa chumba nilisimama kwa mazoea. Muuguzi akanisukuma mgongoni, nikapita. Kwa daktari mgeni pazia lilikuwa limefungwa upande mmoja.

Mama alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mito, uso wazi. Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza, mwanamke mwenye paji pana na macho ya binti yake. Alimwambia muuguzi aketi na mlango urudishwe. Akanionyesha kiti.

"Daktari," akasema, "wanangu wananiambia nna kidonda. Mkwe wangu naye ananiambia nna kidonda. Nawapenda, kwa hivyo siwaulizi. Wewe si mtu wetu. Wewe ntakuuliza. Ramadhani hii ntaimaliza?"

Nilikuwa nimejitayarisha kusema kwa lafudhi ya Bara. Nilikuwa nimejaribu nyumbani mbele ya kioo, na mke wangu akaniambia niache. Nikafungua kinywa, ikatoka sauti yangu.

"Sidhani, mama."

Hakushtuka, si kwa jibu wala kwa sauti. Alikaa akitazama mikono yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kiswahili chako kizuri," akasema mwishowe, "kwa mtu wa Bara."

"Ahsante, mama."

"Na mwisho wake unauma?"

Hilo sikulitarajia. Nilitaka kulia, na nikafurahi kwamba nina kitambaa. Nikamwambia unaweza kuuma, lakini dawa zipo, na sitamwacha aumwe.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Huna safari ya kurudi kwenu?"

"Siendi popote, mama."

Akatikisa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyekubaliana bei na fundi. Nikadhani ameshamaliza, nikainuka. Akaninyooshea kidole niketi.

"Nna ombi moja. Hili ulilonambia usije ukamwambia mkwe wangu."

Muuguzi wangu aligeuka akatazama dirisha.

"Wanangu watalia, watapoa," mama akasema. "Yule hasemi. Atalibeba peke yake kila siku akenda kazini, akiwatazama watu wengine atakuwa ananiona mimi. Mwache aamini kidonda. Ntakufa yeye akijua kwamba alinifanyia kila kitu na hakunificha lolote. Nakuomba, daktari."

Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Hajawahi kunitazama vile mtu yeyote, kabla wala baada.

"Sitamwambia," nikasema.

"Nambie wallahi."

"Wallahi sitamwambia."

Akanipa mkono. Ulikuwa mkavu, mwepesi, na hakuuachia haraka. Kisha akamwambia muuguzi amteremshe mgeni, asije akakosa boti.

Nilivua nguo za kijani palepale kwenye kiambaza. Muuguzi alizikunja vizuri, akazitia kikapuni, akanishika bega kidogo, akaenda zake Ng'ambo. Nikazunguka mitaani mpaka maghribi, nikaingia msikiti wa kwanza niliouona, nikanawa uso kwa muda mrefu, nikasali. Kisha nikarudi, nikapiga hodi, shemeji yangu yuleyule akafungua. Macho yake yalikuwa mekundu. "Karibu, shemeji," akasema. "Daktari keshaondoka."

Nikapanda. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nikasimama nje yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Nasikia daktari alikuja. Kasemaje?"

"Kasema naendelea vizuri, baba. Kasema ntapona."

"Alhamdulillahi," nikasema.